Jina Nimenunua, Taka Naletewa Bure

Jamani, mimi ni fundi seremala wa Keko. Kazi yangu ni mninga, randa na misumari. Habari za domeni, yaani jina la mtandaoni, sikuziomba. Aliyenijia nazo ni mpwa wangu Shabani, msomi wa kompyuta: "Mjomba, nani atakupa tenda na imeili hiyo ya bure? Nunua jina lako, lenye co.tz mwishoni, uonekane kampuni."

Nikalipa. Nimeshalipa ndipo naambiwa jina lenyewe sijalinunua, nimelikodi. Kila mwaka nitoe, nisipotoa anapewa mwingine. Hata banda la Keko halina kero hiyo, mwenye banda unaweza kumlilia akakusogezea mwezi.

Halafu jina lenyewe halionekani. Nafungua, hamna kitu. Shabani ananiambia nisubiri, inaweza kufika hata saa 48, "linasambaa." Linasambaa wapi? Pesa naituma kwa simu inafika Kigoma kabla sijarudisha simu mfukoni, jina la fundi wa Keko linataka siku mbili kufika Keko! Eti seva duniani kote, yaani kompyuta zinazoulizwa jina liko wapi, zinatunza nakala ya jibu zililopata mara ya mwisho, na haziulizi tena mpaka muda wa nakala uishe. Mfumo huo wa majina aliubuni Mmarekani Paul Mockapetris mwaka 1983. Kabla yake majina ya kompyuta zote za mtandao yalikaa kwenye faili moja, HOSTS.TXT, chini ya ofisi ya mama mmoja California, Elizabeth Feinler. Ukitaka kuingizwa, unawapigia simu saa za kazi. Sasa huo nao ulikuwa mfumo! Ukicheleweshewa, kuna mtu wa kumfokea.

Basi likasambaa. Waliokuwa wa kwanza kubisha hodi si wateja. Alianza binti wa jenerali marehemu mwenye dhahabu benki, anatafuta mtu mwaminifu. Kwa nini asianze kutafuta kwao, sijui. Akafuata bwana wa kunipandisha ukurasa wa kwanza wa Google. Kisha wakala kutoka China: kuna kampuni huko inataka kusajili jina langu, nijibu upesi kabla sijaporwa. Nani China anagombania jina la fundi makochi?

Lakini iliyonitoa jasho ni imeili niliyotumiwa na mimi mwenyewe. Haki ya Mungu, mtumaji ni mimi, mpokeaji ni mimi, na najitishia: nimeingia kwenye kompyuta yako, nimekurekodi ukifanya mambo ya aibu, lipa kwa bitkoini la sivyo ndugu zako wataona. Mama Zuhura akasoma begani kwangu, akauliza taratibu, "Mambo gani?" Mke wangu, kompyuta yenyewe ni ya Shabani, kamera yake ilishakufa! Aibu yangu pekee ni deni la mbao, nalo mtaa mzima unalijua.

Shabani anacheka. Anasema utaratibu wa kusafirisha imeili uliandikwa 1982, watumiaji wa mtandao wakiwa wachache na wanaaminiana, kwa hiyo jina la mtumaji analijaza mtumaji mwenyewe anavyopenda. Wanaaminiana nini! Miaka minne kabla, tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk wa kampuni ya kompyuta ya Digital alikwishawamiminia watu kama 400 tangazo la biashara kwa mpigo. Alikaripiwa vikali. Na kompyuta zikauzika, mwenyewe husema za mamilioni ya dola. Hapo mimi nilikata tamaa. Tangazo lililoleta pesa namna hiyo, nani ataliacha?

Sasa sikieni dhuluma. Shule moja Dodoma ikaniomba profoma ya madawati. Nikaandika, nikakagua, nikatuma. Kimya. Wiki zikapita. Napiga simu, mhasibu ananiambia, "Fundi, mbona hukuleta? Tumempa mwingine." Kumbe profoma imelala kwenye taka zao! Shabani anasema seva ya mpokeaji huangalia kwenye domeni rekodi ya SPF, inayotaja seva zenye ruhusa ya kutuma kwa jina hilo, na kwenye imeili sahihi ya DKIM, muhuri wa kuthibitisha kwamba imetoka kwa mwenye domeni. Vyote mimi sikuwekewa. Na nani hakuniwekea? Akaanza kukagua kucha zake. Kwa hiyo yule wa bitkoini kapita mlango wa mbele hadi sebuleni kwangu, na mimi mwenye jina na risiti natupwa jalalani!

Juzi ikaja imeili: domeni yako inaisha, lipa hapa. Nikaipeleka kwa Shabani, akasema ni ya matapeli, tusilipe. Vizuri. Kesho yake tovuti haifunguki. Tukaanza kupekua folda ya taka, na humo, chini kabisa ya binti wa jenerali, tukaikuta ya wakala wetu wa kweli, aliyetukodisha jina. Ilikuja mapema, imeandikwa kwa adabu zote, domeni yako inaisha, lipa hapa.

Nimemwambia Shabani alipie mwaka mmoja tu. Akasema, "Mjomba, ukilipia mitano kuna punguzo." Nikamtazama mpaka akafunga kompyuta.