Mzee akisema leo siogi, mhudumu afanyeje?

Kwenye makazi ya wazee huku kanda ya ziwa, kama yale ya Bukumbi kule Misungwi mkoani Mwanza, kazi inayoleta ubishi kuliko kupika na kugawa dawa ni kuogesha. Kuna wanaosema mzee aoge kila siku atake asitake, na kuna wanaosema mtu mzima akikataa maji mwache, hakuna aliyekufa kwa kutooga siku moja. Mi naona wanabishana vitu viwili tofauti.

Hawa wa kwanza wana hoja, joto la Mwanza tunalijua, mzee analala chumba kimoja na wenzie, harufu yake inakuwa ya wote, na anayejikojolea akiachwa na unyevu ngozi inachubuka, kikianza kidonda cha kulalia unaweza kuhangaika nacho miezi. Hapo hakuna mjadala kwakweli. Pampasi ikichafuka inabadilishwa, bibi anafutwa kutoka mbele kwenda nyuma ili kinyesi kisifike kwenye njia ya mkojo, mikunjo ya mapaja inakaushwa vizuri, na asiyeweza kujigeuza anageuzwa kama kila masaa mawili, anune asinune.

Ila hilo sio sawa na kumuogesha mwili mzima kila asubuhi. Ngozi ya mzee ni nyembamba na kavu, ukiisugua kila siku kwa dodoki na sabuni ya mche unaondoa hata yale mafuta kidogo yaliyobaki, usiku anajikuna, akijikuna anachubuka, kesho yake unamsugua tena palepale. Asiyejichafua, mara mbili au tatu kwa wiki zinamtosha, siku zingine uso, kwapa, sehemu za siri na miguu, af mafuta ya mgando. Kwaiyo anayesema mwache hajakosea, japo wengi wanaosema hivo (mnisamehe) ni uvivu tu, ngozi ya mzee hawana habari nayo.

Na kukataa kwenyewe kuna sababu. Mtu alikuwa na mji wake na ng'ombe zake, leo binti wa umri wa mjukuu wake anaingia hata mwangaluka (salamu ya asubuhi ya Kisukuma) hamna, anamwambia vua suruali, unategemea acheke? Wengine wanataka tu mhudumu wa kiume. Uongozi utasema wahudumu wachache, na ni kweli wachache, lakini kumfunika kanga ukaosha upande mmoja huku mwingine umefunikwa hakuhitaji kuajiri mtu, na kama mikono bado ina nguvu mpe kitambaa chenye sabuni ajisafishe mwenyewe huko chini, hata akichukua dakika ishirini. Hizo dakika ndo tunazomnyima, tunamfanyia kila kitu haraka haraka hadi anasahau kujifanyia. Aliyeanza kupoteza kumbukumbu yeye anaogopa kweli, maji ya kichwani anaona kama unamzamisha, huyo anza na miguu, mwambie kila unachotaka kufanya, akigoma ondoka urudi baadae, mara nyingi utamkuta keshasahau hata kama mligombana.

Maji nayo yanataka akili. Mzee aliyewahi kuugua ukoma au mwenye kisukari cha muda mrefu anaweza asihisi moto kwenye vidole, ataungua na hatosema kitu, kwaiyo pima kwa kiwiko chako wewe, usimuulize yeye. Na wale wa vituo vidogo vinavyochota ziwani moja kwa moja, kichocho kinaingilia kwenye ngozi, hayo maji yachemshwe kisha yapoe, au yakae siku mbili kwenye pipa lililofunikwa ndo yaogewe.

Macho ya bibi zetu usiyaruke. Miaka mingi ya kupikia kuni na mavi ya ng'ombe imeyafanya mekundu, na huku usukumani tunajua vikongwe walivyouawa kwa macho hayo hayo wakiitwa wachawi. Kitambaa safi, maji safi, kila mtu na chake, na yakitoa usaha apelekwe zahanati, asiachwe na machozi ya moshi kama kisingizio.

Kunyoa ndo sina huruma kabisa. Wembe mmoja kuzungushwa vichwa kumi kisa sikukuu wageni wanakuja ni kugawa homa ya ini na ukimwi, hata uuchovye kwenye dettol. Wageni wenyewe wanaleta boksi za sabuni ya kufulia kila Krismasi na Idi hadi stoo inajaa, wakati pampasi za watu wazima hazipo, nyembe hazipo, na cha kukatia kucha ni kimoja kituo kizima. Mkienda mwaka huu pigeni simu kwanza muulize kinachopungua, na ile picha ya babu kifua wazi anapakwa povu msiiweke status.