Kichanga analia usiku kucha, famasi wanauza enzaimu: ununue au uache?

Saivi hapa Tanga ukiwa na kichanga anayelia kuanzia magharibi mpaka usiku wa manane, ushauri unaupata kabla hujauomba. Bibi anakwambia chango hilo, mchue tumbo na mafuta ya nazi, jirani anakwambia gripu wota, na sasa imeingia hii mpya ya matone na vipakti vya enzaimu, yaani vitu vinavyosaga chakula tumboni, muuzaji anakwambia tumbo la mwanao halijakomaa, halisagi maziwa, msaidie kusaga. Mama hajalala, mtoto anajinyonga kakunja miguu tumboni, atanunua tu na mimi simlaumu hata kidogo. Ila enzaimu sio kitu kimoja, kuna ya kusaga sukari ya maziwa, kuna za kusaga mafuta na wanga, kuna za kusaga protini, na kila moja ina jibu lake.

Anachosema muuzaji kina ukweli ndani yake, tukubali hilo kwanza. Kongosho la kichanga kweli halijakomaa, amailesi ya kusaga wanga inatoka kidogo sana miezi ya mwanzo na laipesi ya mafuta bado haijafika kiwango cha mtu mzima. Lakini huyu mtoto hajaanza uji, ananyonya tu, na maziwa ya mama yanakuja na enzaimu zake humohumo, amailesi imo na laipesi imo, laipesi hiyo ikifika kwenye utumbo ikikutana na nyongo ndo inaanza kazi. Ndo maana watoto njiti wanaopewa maziwa ya mama yaliyopashwa moto kuua vijidudu wanafyonza mafuta kidogo kuliko wanaopewa mabichi, moto unaiharibu ile laipesi. Na laktosi, yaani sukari ya maziwa, ambayo ni kama gramu 7 kwenye kila mililita 100 ya maziwa ya mama, enzaimu yake inaitwa laktesi na inatengenezwa na utumbo wa mtoto mwenyewe, mtoto aliyetimiza miezi tumboni anazaliwa nayo ya kutosha. Hii ya mtu kunywa maziwa freshi tumbo likaunguruma ni mambo ya ukubwani, laktesi imeshapungua. Kichanga anayezaliwa hana laktesi kabisa yupo ila ni nadra mno, Ufini ndo ugonjwa huo umeonekana zaidi, na mtoto wa hivyo anaharisha maji tangu siku za mwanzo na uzito unashuka, sio huyu wako anayenenepa vizuri halafu jioni analia.

Sasa upande wa pili. Kuna mtoto ambaye laktesi yake imepungua kwa muda, na huyo ni yule aliyetoka kuharisha vibaya, virusi vya rota kwa mfano, ukuta wa utumbo umechubuka na laktesi inakaa kwenye ukuta huohuo. Choo kinakuwa cha maji, kina povu, kina uchachu, makalio yanaungua mpaka akifutwa analia. Hapo daktari akisema tujaribu matone ya laktesi kwa muda mfupi mimi naona yana maana, japo wengi utumbo unajirekebisha wenyewe huku wakiendelea kunyonya, na kunyonya kusikatishwe. Kwa mtoto anayelia tu bila kuharisha, tafiti za laktesi hazikubaliani, nyingine zimeona kulia kumepungua kidogo, nyingine hazikuona kitu.

Na hapa ndo penye mtego. Kulia kwa kolik, yaani kule kulia sana kwa kichanga ambaye haumwi, kunaanza kwenye wiki ya 2 au ya 3, kunapanda, kunafika kileleni karibu na wiki ya 6, afu kunashuka kwenyewe mpaka mwezi wa 3 au wa 4 kumeisha. Mama anavumilia vumilia, anakwenda famasi lini? Pale alipochoka kabisa, yaani karibu na kilele. Chochote atakachonunua siku hiyo, iwe enzaimu iwe gripu wota iwe mafuta ya bibi, wiki mbili mbele kulia kwa mtoto kutakuwa kumepungua, na mama atamwambia mwenzie kwa moyo safi kabisa kwamba dawa ile imemsaidia. Hadanganyi, kaona kwa macho yake. Gripu wota yenyewe ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1851 na ya zamani ilikuwa na pombe ndani, watu waliisifia miaka mingi tu.

Nikisema hivyo sisemi mama akae asubiri miezi mitatu. Mtu anayekwambia "itapita" mara nyingi yeye usiku kalala. Kuna vitu vya kufanya vinavyogusa chanzo, kwa mfano mama mwenye maziwa mengi sana anayehamisha hamisha mtoto titi hili na hili kila dakika chache, mtoto anajaza yale mepesi yenye mafuta kidogo, yanapita utumboni haraka, gesi inaweza kuongezeka. Amwache amalize titi moja kwanza. Aangaliwe anavyoshika chuchu maana akishika vibaya anameza hewa, acheulishwe, na pale nyumbani mtu mwingine ampokee mtoto jioni hata saa moja mama ajinyooshe.

Kuna hili pia la kuambiwa uache maziwa, na mji wenyewe huu watu maziwa na mtindi ni chakula cha kila siku. Kama sababu ni laktosi, kuacha hakusaidii kitu, laktosi ya maziwa yako inatengenezwa na titi lenyewe, unywe maziwa ya ng'ombe usinywe ipo vilevile. Kama sababu ni protini ya maziwa ya ng'ombe ambayo kweli inapita kidogo kwa mama, na mtoto ana nyuzi za damu kwenye choo au ukurutu mkali, hapo kuacha kwa wiki mbili hadi nne kwa ushauri wa daktari kunaeleweka, afu unarudisha uone. Enzaimu haitibu aleji hiyo.

Vile vipakti vya mchanganyiko, vyenye papeini ya papai na bromelaini ya nanasi na vingine chungu nzima, hapo sina pande mbili. Hizo zinasaga protini, na mdomo wa kichanga ni nyama laini. Hata watoto wenye ugonjwa wa sistiki faibrosisi, ambao kongosho lao halitoi enzaimu na wanazihitaji ili waishi, wazazi wanafundishwa kumfuta mtoto mdomo asibakize chembe maana zinamtoa vidonda, na chuchu za mama nazo zinachubuka. Sasa wewe umpe mtoto mzima kwa kukisia, tena unga unaokorogwa na maji, wakati mtoto chini ya miezi 6 maji hayahitaji na ya kwetu tunajua yanavyoharisha. Matone ya dawa aliyoandika daktari hayavunji kunyonya maziwa ya mama pekee, hata Shirika la Afya Duniani linaruhusu, ila maji ya kukorogea yanavunja.

Kwahiyo anza na kadi ya kliniki kabla ya famasi. Uzito unapanda, kwa siku analowesha nepi 6 au zaidi, akiacha kulia anacheka na kunyonya, huyo hana upungufu wa enzaimu. Akiwa na homa ya 38 na hajafika miezi mitatu, anatapika kijani, tumbo limevimba gumu, choo kina damu, hanyonyi, usimpe tone la dawa yoyote ya famasi, mpeleke hospitali ya Bombo usiku huohuo. Na kama daktari kakubali mjaribu laktesi, soma pakti iandike laktesi peke yake, kamua maziwa kidogo kwenye kikombe safi, tia matone kama ilivyoandikwa, yaache dakika chache ndo umpe kwa kijiko halafu anyonye. Andika saa za kulia siku chache kabla hujaanza na wiki nzima ukiwa unampa. Wiki ikiisha acha tena siku mbili tatu, kama kulia ni kulekule, chupa ya pili usinunue.