Kuku Wangu Anadaiwa Kodi ya Pango

Naombeni mnisaidie ndugu zangu, maana mimi kichwa kimegoma: kuku anadaiwaje kodi ya pango?

Nimeulizwa leo asubuhi, mswaki mdomoni, nimesimama uani na kandambili zimezama kwenye tope. Jirani kachungulia juu ya ukuta, kanga kichwani kukinga manyunyu, salamu hamna. "Baba Kulwa, yule kuku wako kakaa stoo kwangu wiki tatu. Tunamalizana vipi?"

Nusura nimeze mswaki.

Masika haya, watu wa Chanika mnayajua, sina cha kuwasimulia. Nguo haikauki, kiberiti hakiwaki, na watoto wako likizo ya Pasaka, maana yake kila ukigeuka kuna mtu anauliza tunakula nini. Kuna siku mtetea wetu mwekundu, ambaye watoto wanamwita Madamu kwa sababu anatembea kama mwalimu mkuu anayekagua kucha mstarini, akapotea. Nikatangaza rasmi kwamba kaliwa na kicheche. Doto akalia, akaokota unyoya, akauzika chini ya mpapai na kutuamuru tusimame kimya. Mtu mzima mimi, na heshima zangu, nimesimama kwenye mvua naomboleza unyoya.

Kumbe marehemu yuko ng'ambo ya ukuta, juu ya mifuko mitupu ya saruji, pakavu, anaatamia. Banda letu linavuja, yeye kaona isiwe tabu, kahamia kwenye bati jipya. Siku zake 21 zilipotimia akapita chini ya geti, kifua mbele, na vifaranga 11 nyuma yake. Hakuomba radhi kwa yeyote, hata kwa Doto.

Hapo ndipo likaingia suala la rangi. Mnawajua kunguru wa Dar. Inasemekana waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 na wakubwa wa kikoloni ili wale taka. Taka ziko palepale, wao wanakula vifaranga. Dawa ya wazee ni kumpaka kifaranga rangi, kunguru akimwona wa zambarau ashindwe kumwelewa. Basi nikawaambia watoto wachukue rangi ya ukili ya bibi yao, wapake. Wakapaka. Vifaranga wote 11 zambarau, paka zambarau, Kulwa zambarau mpaka viwikoni, na shati lake la shule, lile jeupe, msiniulize.

Jirani alipoona hivyo ndipo kesi ikahama kutoka ukutani kwenda kwa mjumbe wa nyumba kumi. Najua, najua, mjumbe ni wa chama, mtaa una mwenyekiti wake. Lakini kwa mwenyekiti mpaka upande bodaboda, na kwa barabara ile mvua hii, bodaboda anakutajia nauli ya Kigoma.

Mjumbe katupokea barazani, kavaa koti la suti juu na msuli chini, daftari kubwa mapajani. Mvua inapiga bati mpaka kila mtu anaongea kwa kupiga kelele, kwa hiyo mtaa mzima umesikiliza bila kutoka ndani.

"Mlalamikaji!"

Jirani akasimama. Akaeleza pango la stoo, akaeleza gunia la pumba lililotobolewa, akaeleza na kinyesi. Kwa kinyesi alitumia muda mrefu. Mwisho akasema hataki fedha, yeye si mtu wa tamaa, anataka nusu ya vifaranga.

"Mlalamikiwa!"

Nikakohoa kwa heshima. Nikasema mheshimiwa mjumbe, kuku ni wangu, mayai ni ya kuku wangu, hata kipofu anaona mwenye watoto ni nani.

"Na baba yao?" akauliza jirani.

Kimya. Jogoo wetu tulimla Krismasi. Jogoo aliyebaki eneo lote lile ni wake, tena lile lenye upanga mwekundu linalowika saa tisa usiku.

"Kwetu Tarime," akasema, mikono kiunoni, "mtoto ni wa baba."

Hapo damu ikanichemka. Mimi Mluguru bwana. Kwetu Matombo ukoo unafuatwa kwa mama, toka enzi na enzi, na sitaki kuja kufundishwa ukoo na mtu wa ng'ombe. Lakini nikajikaza, nikamjibu kwa sheria yake mwenyewe: "Haya, tufuate ya Tarime. Tarime mtoto ni wa aliyetoa ng'ombe. Jogoo wako katoa mahari gani? Maana mimi kama mzazi wa binti, hata punje ya mtama sijaiona."

Nikasikia mtu kacheka nyumba ya tatu. Mjumbe akaandika "mahari" kwenye daftari, akapiga mstari chini yake. Kesi nimeshaishika, ndugu zangu, kesi iko kiganjani, imebaki kufunga ngumi tu. Mjumbe akageuka akauliza kwa nini vifaranga wamepakwa rangi. Kabla sijafungua mdomo, Doto, damu yangu, niliyemnunulia kashata juzi tu, akanyoosha kidole.

"Baba alisema tuwapake ili asiwajue."

"Nani asiwajue?"

Doto akamwangalia jirani.

"Nilisema kunguru!" nikaruka. "Kunguru asiwajue!"

"Kwa hiyo mimi kunguru?"

Sasa hapo elezea. Na mvua ile, ukisema "sio wewe", watu wanasikia "ndio wewe". Jirani kavua kanga ya kichwa kaifunga kiunoni. Mama Kulwa, ambaye nilimleta kama shahidi upande wangu, kaniambia mbele za watu niombe radhi. Niombe radhi nimefanya nini? Nimefuga kuku! Nimefuga kuku ili watoto wale yai, basi! Sikuomba mashamba, sikuomba ukoo, sikuomba kesi, nilitaka yai!

Mjumbe kaamua vifaranga waachwe katikati ya baraza, mama yao aende anakotaka. Akafunguliwa kapu. Madamu akajikung'uta, akatuangalia sote, akaingia uvunguni mwa benchi la mjumbe, akawafunika wanawe akalala. Mke wa mjumbe akatokea na kiganja cha pumba. Hukumu: kwa vile vifaranga wakinyeshewa wanakufa, watabaki hapo mpaka masika yaishe, kisha baraza litakaa tena. Mimi na jirani tumerudi nyumbani chini ya mwavuli mmoja, wa kwake, bila kusemezana. Pango hajaligusia tena, ila nyumbani kwa mjumbe kuna watoto, na Idd haiko mbali.

Na hata hayo mayai ninayoyapigania nayala kwa kununua. Juzi muuza genge kanisifia mayai ya kienyeji, kiini cha njano kabisa. "Mazuri haya, ananiletea Doto." Nikalipa. Ningefanyaje, kulikuwa na foleni.

Chanjo ya kideri nayo: kuku wanahitaji tone moja tu jichoni, lakini kichupa kinatosha kuku wa kata nzima, na ukishakichanganya hakingoji. Umeme umekatika, friji ni kabati. Nikapita nyumba kwa nyumba natafuta macho ya kuku.

Na shule zinafunguliwa Jumatatu. Mwalimu kabandika orodha kwenye daftari: rimu ya karatasi, ndoo yenye mfuniko, fagio la chelewa. Fagio la mwaka jana liko wapi? Na Kulwa analo lake la kupeleka, kwani mapacha hawaruhusiwi kupeleka fagio moja kwa wawili. Shule ile imekusanya mafagio ya kufagia kutoka Chanika mpaka Kibaha, na bado ukipita getini unakanyaga maganda ya miwa.

Nimemfuata muuza mafagio nikanunue mapema, nakuta bei imepanda. Kwa nini? Anasema mvua. Mvua! Mnazi unaishi kwa mvua, kijana wangu, mvua inapandishaje bei ya chelewa? Kaniangalia, akaendelea kufunga njiti zake.