Kuvunjika Moyo Si Kukata Tamaa

Waandishi wengi hutumia "kuvunjika moyo" na "kukata tamaa" kama visawe, wakiyabadilisha ili tu wasirudie neno moja katika aya. Kwa maoni yangu hizi ni hali mbili, na sarufi yenyewe inaniunga mkono.

"Vunjika" ni kauli ya kutendeka. Aliyevunjika moyo amefikwa na jambo: amenyimwa, amedharauliwa, au juhudi zake zimekwenda bure, lakini moyo bado anao, ndiyo maana anaweza kutiwa moyo akaendelea. "Kata" ni kauli ya kutenda, na mtendaji ni yeye mwenyewe. Hata tunaposema kwamba matokeo fulani yanakatisha tamaa, kauli ya kutendesha inatuonyesha kwamba matokeo humsukuma mtu akate, ila mkataji habadiliki. Nadhani ndiyo sababu tafsiri ya Kurani, katika Sura ya Az-Zumar, aya ya 53, inaweza kuagiza, "Msikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu", kwa kuwa mtu hukatazwa lile lililo katika uwezo wake.

Kinachonivutia zaidi ni neno "tamaa" lenyewe. Likisimama peke yake huwa karibu na tusi, na methali inaonya kwamba tamaa mbele, mauti nyuma; basi anayeikata angestahili kusifiwa! Hapana shaka nahau hii imehifadhi maana ya kutarajia, ambayo asili yake ya Kiarabu inayo pamoja na ile ya uchu. Nje ya nahau maana hiyo imefifia, kwa kuwa "kumtia mtu tamaa" ni kumshawishi atamani kitu, wala si kumfariji. Aliyekata tamaa hatumrudishii tamaa, tunampa matumaini.

Kwa hiyo huwa nasita ninaposoma kwamba vijana wasio na ajira "wamekata tamaa", hali habari yenyewe inaeleza jinsi wanavyoendelea kupeleka maombi kila wanapopata nafasi. Hao wamevunjwa moyo, na kauli hiyo ya kutendwa humlazimisha msomaji amtafute aliyewavunja. Tahadhari iyo hiyo inafaa kwa mgonjwa anayesemwa kuwa "amekatiwa tamaa", kwani hapo waliokata ni watu wengine, na huenda yeye mwenyewe hajakata.