Acheni Kuwaita Watunza Vifurushi Wazembe

Ripoti ya ukaguzi ilipotufikia, mstari wa OpenSSH, programu ya kuingilia seva kutoka mbali, ulikuwa mwekundu: toleo 9.2p1, la zamani, lina tundu la usalama lenye namba CVE-2024-6387. Kabla hata sijaingia kwenye seva, mwenzetu mmoja alishaandika kwenye kundi la ofisi kwamba watu wa Debian, wanaotunza vifurushi vya programu vya mfumo endeshi wa seva zetu, ni wazembe, tuing'oe hiyo, tujijengee toleo jipya wenyewe. Hasira haijanitoka hadi leo.

Tundu hilo lilitangazwa tarehe 1 Julai 2024, na siku hiyohiyo Debian 12 ikatoa dawa yake. Tazama mkia wa namba: 9.2p1-2+deb12u3. Kichwa, yaani 9.2p1, hakisogei; marekebisho yanaingia mkiani. Kuna mtu alikaa akachukua kiraka, yaani kipande cha msimbo cha kuziba tundu, kilichoandikwa kwa ajili ya msimbo mpya, akakishona kwenye msimbo wa 2023 bila kugusa kingine, ili huduma zako zisianguke usiku. Amri ya apt changelog, ya kusoma mabadiliko ya kifurushi, ingemwonyesha mwenzetu haya yote.

Uvivu wa kusoma ningeusamehe. Nisichosamehe ni lile tusi, kwa sababu tumeshaona linakotupeleka. Mwaka 2022 Lasse Collin alikuwa akiitunza xz, programu ya kubana mafaili, karibu peke yake, bila malipo. Watu asiowajua wakaanza kumsakama kwa barua: viraka vinachelewa, mradi umelala, mpishe mwingine. Akawajibu waziwazi kwamba afya ya akili imemsumbua kwa muda mrefu, na kwamba kazi hii hailipwi. Hawakumwonea huruma. Aliyekuwa pembeni, mpole, tayari kusaidia, ni akaunti iliyojiita Jia Tan. Ikaaminiwa, ikakabidhiwa madaraka, na mwaka 2024 ikapenyeza kwenye matoleo ya xz 5.6.0 na 5.6.1 mlango wa siri ulioilenga OpenSSH. Andres Freund, mhandisi wa programu, aliugundua kwa kuwa kuingia kwa ssh kulichelewa takriban nusu sekunde. Nusu sekunde! Debian sid na Fedora Rawhide, matawi ya majaribio ya mifumo hiyo, zilishaumeza. Debian 12, hiyo mnayoiita kuukuu, ilikuwa bado na 5.4.1.

Kwa hiyo anayemsakama mtunzaji leo, hata nia yake iwe safi, anamchosha yuleyule ambaye adui anasubiri achoke.

Ndiyo, watunza vifurushi hukosea. Mwaka 2008 iligundulika kwamba badiliko la Debian kwenye OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, lilikuwa limedhoofisha funguo za siri tangu 2006, na watu wakalazimika kuzitengeneza upya. Silipingi hilo. Ila mimi naona hapo uhaba wa macho, sioni uzembe. Na wanaosema kontena, yaani programu zilizofungashwa pamoja na vyote zinavyohitaji, zimeimaliza kazi hii ya kutunza vifurushi, wafungue kontena zao waone zimejengwa juu ya nini; wengi watakuta Debian imo humo ndani.

Nawaomba wenzangu mnaoshika seva: sakinisheni devscripts, kifurushi cha zana za Debian, muendeshe amri yake ya wnpp-alert. Itawatajia vifurushi mlivyonavyo ambavyo vimebaki yatima bila mtunzaji, au ambavyo mtunzaji wake anaomba mtu wa kumpokea. Ripoti ya ukaguzi ikifika tena kwa mkurugenzi, ambatisheni orodha hiyo, na muombe kijana mmoja wa ofisini aruhusiwe, ndani ya saa za kazi na kwa mshahara wake uleule, kupokea angalau kimoja.