Tiba ya protoni: hesabu ya haraka inapowapunja wagonjwa wa mapafu

Wanaosita kutumia uigaji wa Monte Carlo (hesabu ya kompyuta inayotegemea bahati nasibu) katika tiba ya protoni, yaani kutibu saratani kwa mwale wa chembe za protoni, wana hoja. Wagonjwa wanasubiri, na programu za kawaida hutoa mpango wa dozi upesi. Monte Carlo hufuata protoni moja moja, mamilioni kwa mamilioni, na ukitaka kupunguza mtawanyiko wa majibu kwa nusu, lazima idadi ya protoni unazoigiza iwe mara nne.

Hata hivyo, faida yote ya protoni iko mwisho wa safari yake. Yenye nishati ya MeV 150 (elektronivolti milioni 150) hupenya maji kwa takriban sentimita 16, ikiacha nishati kidogo kidogo njiani, kisha huimwaga kwa wingi inapokaribia kusimama. Hicho ndicho kilele cha Bragg, na nyuma yake karibu hakuna dozi. Ukikosea kina, kilele hicho huangukia uti wa mgongo, au kipande cha uvimbe hubaki bila kutibiwa.

Ndiyo maana huongezwa ukanda wa tahadhari, yaani nafasi ya ziada inayopigwa mwale nje ya uvimbe. Vipo vituo vinavyotumia asilimia 3.5 ya kina na milimita 3 juu yake: kwa kina cha sentimita 20, jumla ni milimita 10. Mwaka 2012 mwanafizikia Harald Paganetti alikadiria kuwa Monte Carlo ingeushusha hadi asilimia 2.4 na milimita 1.2, yaani milimita 6. Hizo milimita 4 ni tishu zisizo na ugonjwa, zinazochomwa kwa sababu tu hesabu haiaminiki. Karibu na shina la ubongo, ni nyingi mno.

Mapafuni mambo ni mazito zaidi. Hesabu ya haraka huuona mwili kama matabaka yaliyopangwa mbele ya mwale. Mwale ukipita ukingoni mwa ubavu, nusu mfupa, nusu pafu lililojaa hewa, protoni hutawanyika na kusimama kwenye vina tofauti, na programu huelekea kutaja dozi kubwa kuliko ile iliyoufikia uvimbe. Mpango unapendeza kwenye skrini, kumbe uvimbe umepunjwa.

Ni kweli, Monte Carlo haiponyi picha ya CT (eksirei ya ndani ya mwili inayotumika kupanga tiba) iliyotafsiriwa vibaya, na tishu zinapofanana hesabu ya haraka hutosha. Lakini kisingizio cha muda kimepungua nguvu: kwa kadi za michoro za kompyuta, uigaji huo sasa humalizika kwa dakika chache. Mpango wa saratani ya mapafu usiidhinishwe kabla haujapitishwa humo.