Sifuri ya nani? Gharama ya kuhesabu malalamiko ya bima ya afya Marekani

Mswada wa kuzilazimisha kampuni za bima ya afya ziripoti malalamiko ya wateja ukifika kwenye bunge la jimbo huko Marekani, kwa kawaida huja na karatasi ya makadirio ya gharama. Aghalabu karatasi yenyewe husema hazina ya jimbo haitaguswa, au itaguswa kidogo tu: ofisa mmoja au wawili wa kuchambua taarifa, na mfumo wa kompyuta kurekebishwa. Wabunge wakiona sifuri hupumua. Swali ni kwamba hiyo ni sifuri ya nani.

Tangu sheria ya McCarran-Ferguson ya 1945, bima imebaki chini ya majimbo, na idara nyingi za bima huendeshwa kwa tozo na ada wanazokatwa wanaosimamiwa. Mchambuzi akiajiriwa, mshahara wake unatoka kwa kampuni, nayo kampuni inaufidia kwenye ada ya bima. Sheria ya afya ya 2010 inataka angalau 80% ya ada (85% kwa makundi makubwa) iende kwenye matibabu na kuboresha huduma. Ila kodi na tozo za usimamizi huondolewa kwanza, ndipo hesabu ipigwe. Kwa hiyo tozo haiibani kampuni. Inapita tu mpaka kwa mwenye kadi ya bima.

Hapo wanaopinga miswada hii wana hoja, tena nzito. Kampuni yenye wateja katika majimbo 20 inaweza kujikuta inajaza fomu 20, kila moja na tafsiri yake ya neno lalamiko. Halafu kuna shimo la ERISA, sheria ya 1974: mwajiri anayelipia matibabu ya wafanyakazi kutoka mfukoni mwake, huku kampuni ya bima ikifanya kazi ya makaratasi tu, yuko nje ya sheria za bima za jimbo. Zaidi ya 60% ya wafanyakazi wenye bima kupitia ajira wako kwenye mipango ya namna hiyo. Jimbo linagharamia hesabu isiyowagusa wengi wao, na gharama inawaangukia waliobaki ndani, wakiwemo wanaojinunulia bima wenyewe.

Upande wa pili una takwimu zinazouma. KFF, taasisi ya utafiti wa sera za afya, ilipochambua taarifa za 2021 za kampuni zinazouza bima kupitia HealthCare.gov, soko la bima la mtandaoni la serikali ya shirikisho, ilikuta 17% ya madai ya malipo ya huduma za hospitali na madaktari wenye mkataba na kampuni yalikataliwa. Kati ya kampuni na kampuni, kiwango kilianzia 2% hadi 49%. Rufaa zilizokatwa kwa kampuni hazikufika hata 0.2% ya madai yaliyokataliwa. Pengo la 2% na 49% mnunuzi angelijuaje kama hakuna aliyelazimishwa kuripoti?

Lakini kuripoti ni kitu kimoja, na kuripoti kweli ni kingine. Chukua mama aliyekataliwa kipimo cha MRI. Anapiga simu, anasubiri huku muziki ukimpigia sikioni, anapopokelewa anafoka kidogo. Mhudumu anachagua kwenye skrini: swali kuhusu mafao. Simu imekwisha, na lalamiko halikuzaliwa. Mhudumu hakuvunja sheria ya namna hiyo, maana sheria ya mfano ya jumuiya ya wasimamizi wa bima wa majimbo, NAIC, yaani rasimu ambayo majimbo huiga, inalitaja lalamiko kuwa ni mawasiliano ya maandishi yanayoeleza hasa manung'uniko. Aliyelalamika kwa mdomo hayumo. Na kwa mhamiaji ambaye Kiingereza chake ni cha kuongea kuliko kuandika, mlango huo ni mwembamba kweli.

Ndiyo maana siiamini sheria ya bei rahisi. Kupokea jedwali la malalamiko kutoka kwa kampuni na kulibandika kwenye tovuti hakuligharimu jimbo kitu cha maana. Pesa inakwenda kwa mkaguzi anayeomba rekodi za simu 200, akazisikiliza, akazilinganisha na kilichoandikwa kwenye jedwali. Bila yeye, kampuni inayorekodi kwa uaminifu itaonekana ndiyo mbovu, na inayogeuza malalamiko kuwa maswali itapata sifa.

Basi mswada unaoomba mishahara ya wakaguzi wanne, na kutaja wazi kwamba simu nayo ni lalamiko, ningeuunga mkono kabla ya huu wa sifuri, hata nikijua mwenye kadi ndiye atakayewalipa. Huu wa sifuri naye anaulipia, maana kampuni haijazi jedwali bure. Tofauti ni kwamba anapewa jedwali ambalo hakuna aliyelihakiki.